Maono na Nauli

Soma Nehemia 1:4 na 2:4-8. Nehemia alilia, akafunga na kuomba kwa miezi kadhaa. Lakini mfalme alipomuuliza haja yake, jibu lilikuwa tayari: muda wa safari, barua kwa maliwali, miti ya malango. Aliyeomba bila kupiga hesabu asingeweza kujibu hivyo.

Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Kila aliyefukuzwa alitamani kurudi. Kutamani hakukumgharimu mtu kitu. Kilichogharimu ni mchango. Wakulima walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, akafikisha shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Waliochanga hawakuwa na hakika yoyote ya ushindi.

Na hawakushinda. Walisikilizwa, lakini azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Nehemia aliuona ukuta ukikamilika kwa siku 52 (Nehemia 6:15). Wameru walirudi nyumbani bila shamba. Hata hivyo Kirilo aliwasimulia Watanganyika wengine habari hizo, na wengi wakajua kwamba mkoloni anaweza kushtakiwa.

Kikundi chenu kimeombea jambo gani kwa muda mrefu bila kuhesabu nauli yake? Je, mngechanga hata kama matunda yake yataliwa na wengine?