Nipumzike Lini?

Mafungu ya kusoma: Kutoka 18:13–23, Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Danieli 1:3–16, 1 Wakorintho 6:19, 20, Yakobo 5:4.

Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kufanya mazoezi ili kupunguza magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikawa siku ya mazoezi. Sababu ilikuwepo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu, na tisa katika kila mia wana kisukari. Tangu mwaka 2014 pia upo waraka unaowataka waajiri katika utumishi wa umma washughulikie magonjwa haya mahali pa kazi, pamoja na VVU na UKIMWI.

Lakini Jumamosi! Watu ambao kanisa lao limehubiri matengenezo ya afya tangu njozi ya Ellen White ya mwaka 1863 ndio hao wasioonekana uwanjani wenzao wakikimbia. Mshiriki mmoja wa darasa letu hapa Namanyere, mtumishi wa ofisi, alimwendea mkuu wake wa kazi kwa heshima na kumweleza. Wakakubaliana ofisi yao ifanye mazoezi Jumatano saa 10 jioni. Sabato iliyofuata alitoa ushuhuda, tukasema Amina, na tukaona shauri limekwisha.

Kumbe swali gumu lilikuwa bado. Mwajiri anapojali afya ya mfanyakazi, anamjali nani hasa?

Soma Danieli 1:3–16. Tumezoea kulisoma fungu hili kama somo la mboga na maji. Lisome sasa kama habari ya mahali pa kazi. Nebukadreza alikuwa na mpango wa lishe kwa watumishi wake wapya: posho ya kila siku kutoka mezani pake, miaka mitatu, na mwisho wake ukaguzi mbele ya mfalme. Hakuwa mchoyo. Alitaka nyuso zinazong'aa kwa sababu alitaka watumishi wanaofaa. Mkuu wa matowashi naye alihangaikia afya ya Danieli, ila tukisoma fungu la 10 tunaona kwamba hofu yake haikuwa ini la kijana yule. Ilikuwa shingo yake mwenyewe.

Danieli hakukataa kazi, wala hakumtukana mtu. Aliomba ajaribiwe siku kumi. Kwa ombi hilo alisema jambo zito: mwili huu unafanya kazi ya mfalme, lakini si mali ya mfalme. Paulo anaongeza kwamba si mali yetu wenyewe pia (1 Wakorintho 6:19, 20). Ndiyo maana mpango mwema wa afya kazini humwalika mtu, haumkokoti. Humpima kwa hiari, na majibu yake hayageuki kuwa maneno ya kwenye foleni ya chai. Mfanyakazi akihisi kwamba presha yake itaandikwa mahali ili siku moja itumike kumwondoa, hatanyoosha mkono kupimwa, na hatuwezi kumlaumu.

Hata hivyo kuna upande mwingine ambao mimi naona hausemwi vya kutosha. Soma Kutoka 18:13–23. Yethro anamkuta mkwewe ameketi akiamua mashauri tangu asubuhi hata jioni, na watu wamesimama kumzunguka. Anamwambia waziwazi kwamba kwa namna hii atachoka kabisa, yeye na watu hao pamoja. Sasa angalia ushauri anaoutoa. Hamwambii Musa apunguze chumvi. Hamwambii akimbie kuuzunguka mlima kila asubuhi. (Si kwamba chumvi ni neno dogo, wapo wapendwa kati yetu wanaoinyunyiza kabla ya kuonja.) Yethro anaigusa kazi yenyewe: wachaguliwe wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini, wa kumi, na mzigo ugawanywe. Alichokitengeneza kilikuwa kazi, kabla ya mtu.

Mipango mingi ya siku hizi huanzia upande wa pili. Mfanyakazi anaambiwa ale matunda, atembee, aache soda, alale saa nane. Yote ni kweli, na sisi tumeyafundisha kabla ya wengi. Lakini mtu akitoka kazini saa 4 usiku na kutakiwa kurudi saa 11 alfajiri, hizo saa nane za usingizi atazitoa wapi? Ukimpa somo la afya bila kumpa muda, umemwongezea lawama juu ya ugonjwa.

Ninasema hivi kwa sababu nilishikwa mimi mwenyewe. Nina mashine ya kusaga hapa mjini. Sabato moja mchana idara ya afya ya kanisa ilipima presha watu wote waliofika, washiriki na majirani, nami nikamwita kijana wangu wa mashine aje apimwe. Si Mwadventista; ni Mkatoliki, kama walivyo wengi hapa Ufipa. Mashine ilionyesha 170 kwa 110. Dada muuguzi akarudia, ikawa vilevile. Nikamshika bega, nikaanza somo langu: chumvi, mafuta, maji ya kutosha, na zaidi ya yote, pumzika kijana, pumzika.

Akaniangalia kwa adabu, akauliza, "Nipumzike lini, mzee?"

Nikaanza kuhesabu kichwani. Siku ya maandalio, Ijumaa, alikuwa anasaga mpaka jua linakaribia kuzama, kwa sababu watu wanajua kesho yake nimefunga. Sabato mashine ilikuwa kimya, na wateja walinisifu kwa msimamo. Lakini magunia yao yalikuwa ndani, na yeye ndiye aliyelala pale kuyalinda na kushinda pale mchana. Jua likizama Jumamosi, tulifungua hadi usiku ili kufidia. Jumapili nzima ilikuwa siku ya soko zuri, kwa hiyo misa aliisikia kwa mbali, kengele tu. Na msimu wa mahindi, Juni na Julai, alibeba gunia la kilo mia kutoka kwenye lori kama vile yeye hana mgongo. Sabato yangu niliitunza miaka kumi na moja, na gharama yake aliilipa yeye.

Soma Kumbukumbu la Torati 5:14 tena, polepole. Amri inamwambia nani? Inamwambia mwenye nyumba, mwenye ng'ombe, mwenye mtumishi, mwenye malango. Inataja hata mgeni, asiye wa imani yetu. Kisha inatoa sababu ambayo Kutoka 20 haiitaji: mtumishi apumzike kama wewe unavyopumzika. Fungu la 15 linaeleza kwa nini: ninyi mlikuwa watumwa Misri. Serikali nayo imeliandika jambo hili kwa lugha yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Haisemi kwamba kijana wa mashine au dada wa kazi za ndani hahusiki.

Sasa wateja wangu wanachukua unga wao kabla ya Ijumaa saa 8 mchana, na stoo inafungwa kwa kufuli mbili. Jumapili tunafungua saa 8 mchana. Magunia yanashushwa na watu wawili wawili. Mapato yamepungua, na mke wangu ameniuliza kuhusu ada ya mtoto, swali la haki. Kijana anakunywa dawa zake kila siku. Mara ya mwisho ilikuwa 148 kwa 94, haijashuka inavyotakiwa.

Darasani mwalimu aliuliza nani ana mtu anayemfanyia kazi, nyumbani, shambani au dukani. Mikono ilinyooshwa mingi kuliko tulivyodhani. Kisha akauliza kila mmoja ataje siku ambayo mtu wake hupumzika, na wa kwanza kuulizwa alikuwa mzee wa kanisa.