Mbio za Mkatekumeni

Zamani karibu na mji wa Korinto, katika nchi ya Ugiriki, watu walishindana mbio kila baada ya miaka 2. Mshindi alivikwa taji la majani, nayo majani hunyauka. Wakristo wa Korinto waliyajua mambo hayo. Kwa hiyo Mtume Paulo, alipowaandikia, alitwaa mfano wa mkimbiaji.

Mtazameni basi mtu akimbiaye si kwa mshahara, bali apate nguvu. Akiwa mpumbavu, siku ya kwanza hukimbia kwa nguvu zake zote; kesho yake miguu yamwuma, naye huacha. Akiwa na akili, huanza polepole, hata aweza kuzungumza na mwenzake njiani bila kutweta. Juma kwa juma huongeza umbali kidogo kidogo. Tena hushika siku za kupumzika, kwa maana mwili uliofanya kazi hupata nguvu mpya katika kupumzika. Akipitwa na jirani yake, hakati tamaa.

Ndivyo ilivyo njia ya Ubatizo. Mmoja huahidi kukesha akisali usiku kucha. Mwezi hauishi, amekwisha kuacha hata ishara ya msalaba. Mwingine husali kwa kifupi asubuhi na jioni, wala hakosi. Wenzake wakibatizwa mbele yake, haoni wivu. Akianguka dhambini, haketi njiani kwa haya: huinuka, huomba neema, huendelea. Huyu ndiye atakayefika.

Basi jioni ya leo anza na sala moja fupi. Na kesho uirudie.