Nahodha Anayegeuza Njia: Je, Ni Mwoga?



Mara nyingi tunamsifu mtu asiyerudi nyuma. Akisha kusema, "Nitafika kesho," lazima afike kesho, hata mto ukifurika. Na yule anayegeuza shauri lake tunamwita mwoga au kigeugeu. Je, tunahukumu kwa haki? Tulitazame swali hili kwa mfano wa watu wa mbali, ndio wale wanaosafiri kwa mashua za matanga katika bahari ya Karibi, upande wa Amerika.

Huko viko visiwa vidogo vingi vilivyojipanga kama shanga, tangu Grenada mpaka Saint Vincent: Carriacou, Union, Mayreau, Canouan, Bequia. Ukiwa juu ya kimoja, mara nyingi unakiona kingine kwa macho. Mgeni husema: "Kumbe ni karibu! Leo tulale hapa, kesho pale." Lakini upepo wa huko huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, na mkondo wa maji husukuma mashua kwenda magharibi. Atokaye Grenada kwenda Carriacou hupigwa na upepo usoni. Tena tanga halina nguvu ya kwenda moja kwa moja kuuelekea upepo. Basi nahodha huenda mshazari upande wa kuume, kisha hugeuka mshazari upande wa kushoto, kisha kuume tena. Amtazamaye toka pwani atasema, "Huyu amepotea." Hakupotea. Kila akigeuka amekaribia zaidi.

Tena katika njia hiyo, chini ya maji, kuna mlima wa moto uitwao Kick 'em Jenny, ambao watu waliutambua ulipolipuka mwaka 1939. Vyombo vimekatazwa kuukaribia chini ya kilometa moja na nusu. Njia iliyonyoka katika ramani siyo daima njia ya kufika salama.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba kazi ya busara ni kupanga njia za kufikia mwisho ulio mwema. Mwisho ni kitu kimoja, njia ni kitu kingine. Nahodha anayengoja siku tatu bandarini hakuuacha mwisho wake. Ameacha tu kalenda yake. Lakini anayeng'oa nanga katika upepo mbaya kwa sababu aliahidi kufika Jumapili, huyo ameifanya kalenda kuwa bwana wake. Ushupavu wake siyo uaminifu, ni kiburi.

Mkumbukeni Mtakatifu Paulo alipochukuliwa kwenda Roma. Kule Krete aliwaonya wakubwa wa merikebu kwamba majira ya kusafiri yamekwisha. Hawakumsikia. Walitaka bandari nzuri zaidi, na upepo mpole wa kusini ukawadanganya. Merikebu ikavunjika kisiwani Malta. Watu 276 waliokoka kwa rehema ya Mungu, siyo kwa akili ya wale wakubwa.

Lakini je, mwenye busara hapatwi kamwe na hasara? Hapana. Mwaka 2024, tarehe 28 Juni, dhoruba iliyoitwa Beryl ilikuwa bado changa baharini. Tarehe 1 Julai ikaipiga Carriacou kwa upepo mkali sana. Wengine walikuwa wamekwisha kukimbilia kusini, mpaka Trinidad. Wengine walizificha mashua zao kati ya mikoko ya Carriacou, mahali palipojulikana kuwa kimbilio. Nyingi zilivunjika huko huko. Tusiwacheke. Busara inatudai tufanye iliyo wajibu wetu. Haituahidi kwamba tutashinda. Ndiyo maana Mtakatifu Yakobo anawaonya wale wanaojivunia safari za kesho, kana kwamba kesho ni mali yao.

Sasa nasikia mtu anasema: "Vema, katekista! Mimi nami nimegeuza njia. Nimemwacha mke wangu, maana upepo umebadilika." Hasha! Nahodha ana ruhusa ya kubadili bandari, siku na njia. Hana ruhusa ya kuwatupa abiria majini ili mashua iwe nyepesi. Ahadi ya ndoa, ubatizo wako, watoto uliowazaa, hizo siyo njia unazochagua asubuhi na kuziacha jioni. Hao ndio watu uliopakia, na ni kwa ajili yao unageuza tanga.

Basi, ndugu, shauri lako likizuiwa, ujiulize maswali mawili mbele ya Mungu. La kwanza: Je, ninageuza njia, au ninauacha mwisho wenyewe? La pili: Nani yumo pamoja nami katika mashua, na atapatwa na nini? Baba aliyetaka kujenga nyumba mwaka huu, na mtoto wake ameugua, akiitoa fedha ya mabati kununua dawa, hakushindwa. Amegeuza tanga, na nyumba yake inazidi kuwa karibu.

Bikira Maria, Nyota ya Bahari, atuombee tujue wakati wa kungoja na wakati wa kung'oa nanga.