Kusitiri Aibu au Kuficha Damu?



Tangu madrasa tumefundishwa kwamba mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, Allah (s.w.t.) atamsitiri duniani na akhera. Bila mafundisho hayo hakuna jirani ambaye angekaa na jirani yake kwa amani. Lakini je, sitara hiyo inafika hadi kwenye damu? Mtu akiua, na wanaojua wakanyamaza, je, ukimya wao ni sitara au ni sehemu ya dhulma?

Swali hili lilizuka kati yetu baada ya baadhi yetu kutazama filamu mbili za matukio ya kweli kutoka Indonesia. Mwenzetu mmoja alisema kwamba filamu hizo zinawavua nguo Waislamu mbele ya watu wasiotutakia mema. Naandika kumjibu kwa heshima, maana hoja yake si ya kupuuzwa.

Filamu zote mbili ni za mwongozaji Mmarekani, Joshua Oppenheimer. The Act of Killing ilitoka mwaka 2012, na The Look of Silence mwaka 2014. Zinahusu mauaji ya mwaka 1965 na 1966. Majenerali sita waliuawa Jakarta, jeshi likawatupia lawama wakomunisti, na katika miezi michache watu wanaokadiriwa kati ya 500,000 na milioni moja wakauawa. Walikuwemo wanachama wa chama cha kikomunisti, wakulima, walimu, na wengine ambao kosa lao lilikuwa kutajwa na jirani. Hili tusilikwepe: wengi wa waliouawa walikuwa Waislamu, na wengi wa waliowaua pia. Huko Java Mashariki, vijana wa Ansor, tawi la vijana la jumuiya ya Nahdlatul Ulama, walishiriki.

Katika filamu ya kwanza, mzee wa mjini Medan aitwaye Anwar Congo anatuonyesha jinsi alivyokuwa akinyonga watu kwa waya. Haonyeshi kwa kulazimishwa. Anacheka, anacheza dansi, anaigiza mauaji yake kama sinema za Kimarekani alizozipenda ujanani. Yeye na wenzake wanaalikwa hata kwenye televisheni ya taifa, na mtangazaji anawasifu. Hakuna aliyewahi kuwashitaki.

Filamu ya pili inamfuata Adi, mpima macho anayezunguka vijijini huko Sumatra Kaskazini. Kaka yake Ramli aliuawa kabla yeye hajazaliwa. Adi anakwenda kwa wazee waliohusika, anawavalisha fremu ya kupimia, anabadilisha lenzi moja baada ya nyingine, na huku anawauliza kwa sauti ya upole walifanya nini. Wengine wanajisifu. Wengine wanakasirika na kumwambia yaliyopita yamepita, na kwamba akizidi kuyachokonoa yanaweza kutokea tena.

Sasa nirudi kwenye hoja ya mwenzetu. Sitara tuliyoamrishwa ni ya nini hasa? Mfano unaotajwa sana na wanazuoni ni kisa cha Maiz, aliyezini kisha akaja mwenyewe kwa Mtume (s.a.w.) kukiri. Mtume alimgeuzia uso mara kadhaa, na aliyemshauri aende kukiri aliambiwa ingekuwa heri kwake lau angemfunika kwa nguo yake. Hiyo ni dhambi kati ya mja na Mola wake, iliyofanyika faraghani, na mlango wa toba uko wazi bila mtu mwingine kuhusishwa. Damu si hivyo. Tukisoma masharti ya toba kwa Imam Nawawi, tunakuta kwamba dhambi inayogusa haki ya mja ina sharti la ziada: kumrudishia mwenye haki haki yake. Na atarudishiwaje haki mtu ambaye haruhusiwi hata kusema kwamba aliporwa?

Qur'ani nayo iko wazi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Katika Suratul Baqara, aya ya 283, anayeficha ushahidi anahesabiwa kuwa moyo wake umeingia dhambini. Na aya ya 148 ya Suratun Nisaa inapokataza maneno mabaya hadharani, inamtoa mtu mmoja: aliyedhulumiwa. Ndiyo maana Imam Nawawi, alipotaja hali sita ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, alianza na malalamiko ya mwenye kudhulumiwa, na akamtaja pia mtu anayedhihirisha uovu wake waziwazi. Anayejisifu kwenye televisheni kwamba ameua amekwisha kuivua sitara yake kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi kwangu ni hii: msamaha ni wa nani? Suratul Israa, aya ya 33, inampa mamlaka walii wa aliyeuawa kwa dhulma. Ni yeye mwenye kudai na ni yeye mwenye kusamehe. Basi mtu wa tatu anapotuambia tusahau, tusichimbue, tusiaibishane, anatoa sadaka ya mali isiyo yake. Kwenye filamu hii walii ni Adi, ni mama yake mzee anayemtaja Ramli bado, ni baba yake aliyepofuka na kupoteza kumbukumbu. Hao ndio wenye haki ya kusema basi. Na hawawezi kusema basi mbele ya watu ambao hawajakubali kwamba kulikuwa na kosa.

Kuna tukio moja linaloonyesha tofauti hiyo. Adi anakaa na mmoja wa wauaji pamoja na binti yake. Baba anasimulia aliyoyatenda, ikiwemo kunywa damu ya waliouawa, na binti, ambaye inaonekana wazi kwamba hakuyajua yote, anashtuka. Kisha anamwomba Adi msamaha kwa niaba ya baba yake mzee. Adi anampokea. Dakika chache tu za ukweli zilitosha kufungua kilichokuwa kimefungwa kwa miaka karibu hamsini.

Je, mwenzetu hana haki mahali popote? Anayo. Katika filamu hiyo hiyo Adi na mwongozaji wanakwenda nyumbani kwa familia ya muuaji aliyekwisha kufariki, ambaye aliandika kitabu kuhusu mauaji yake. Mjane na watoto wanasema hawakujua, wanaomba waachwe, lakini kamera haizimwi. Hapo niliona uzito wa sitara ukirudi. Mtoto habebi mzigo wa baba yake. Hilo nalo ni la Qur'ani. Ushahidi ni wajibu, lakini una mipaka yake: unamhusu mtenda na tendo lake, na haumpi mtu ruhusa ya kuwafedhehesha wanawe.

Ama kusema kwamba hii ni kazi ya wageni dhidi yetu, sikubaliani. Wafanyakazi wengi wa Indonesia kwenye filamu hizi wameandikwa bila majina kwa kuhofia maisha yao. Adi ni Muislamu, na familia yake ilibidi ihame. Na kabla filamu hizi hazijakuwepo, mwaka 2000, Abdurrahman Wahid, rais wa Indonesia ambaye aliwahi kuiongoza Nahdlatul Ulama yenyewe, aliomba radhi kwa ushiriki wa jumuiya yake. Alikuwa mwanazuoni na mjukuu wa mwasisi wa jumuiya hiyo. Hakuona kwamba kukiri kunaudhalilisha Uislamu.

Nasi hapa Rwanda jambo hili si la mbali. Sisi, kama Adi, tumezaliwa baada ya damu kumwagika. Nchi yetu ilichagua njia tofauti na Indonesia: mahakama za Gacaca, hadi zilipofungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi zipatazo milioni 1.9, na aliyekiri alipunguziwa adhabu. Waislamu tunapenda kusimulia habari za ndugu zetu waliowaficha majirani zao wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Ni haki yetu kusimulia, na ni kweli. Lakini ushahidi ulio kamili unataja na upande wa pili: Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililoeneza chuki, aliyehukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2003, alikuwa na jina kama letu na alihesabiwa kuwa mmoja wetu. Tukisimulia la kwanza na kulificha la pili tunapamba sura yetu tu, na hiyo si sitara.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu, hasa tunaosoma sharia, tutumie neno sitara mahali pake. Mwenzako akiteleza faraghani, mfunike, na usimwambie hata rafiki yako wa chumbani. Lakini mtu akidhulumiwa, usimfunike mdhulumu kwa shuka hiyo hiyo, kwa sababu chini yake kuna mwingine aliyelala, naye ana watu wake wanaongoja.

Allah atujaalie ndimi zenye kusitiri na zenye kushuhudia, na elimu ya kujua kila moja mahali pake. Wallahu a'lam.