Muzee na jua la pwani: nani amemuacha nani?



Kila mara tunapokusanyika, kunakuwa mutu mwenye kusema: «Wazungu hawana jamaa. Muzee wao akipata pansio, anaacha wajukuu na kwenda kuishi kando ya bahari.» Na sisi wote tunacheka. Kabla ya kucheka tena, tuangalie jambo lenyewe.

Tutwae mufano wa Agadir, muji wa Maroko kwenye bahari ya Atlantiki. Tetemeko la udongo liliubomoa tarehe 29 Februari 1960, kisha ukajengwa upya. Leo wazee wengi wa Ufaransa wanaenda kukaa kule, wamoja wakati wa baridi tu, wengine mwaka muzima. Sababu zao hazifichwe: jua halikosekani, watu wengi wanasikia Kifaransa, na pansio yenye kuwa ndogo kule Ufaransa inakuwa na nguvu zaidi pale. Tena sheria ya Maroko inapunguza 80% ya kodi juu ya pansio yenye kutoka inje, kama mwenyewe anaigeuza kabisa kuwa dirham.

Basi muzee huyo amekosa nini? Alitumika, alilea watoto, haombi mutu kitu. Sisi tunasema muzee ni wa jamaa. Yeye anasema siku zenye zimebaki ni zake. Kumuhukumu mbio si haki.

Lakini iko bei yenye haiandikwe mu sheria. Kule sokoni yeye ni mugeni mwenye pesa. Hakuna anayemuuliza shamba la babu liliishia wapi, ao nani ni ndugu ya nani. Na siku mwili unakataa, wamoja wanatafuta tena ndege ya kurudi kwa watoto.

Sasa turudi kwetu. Muzee wetu anabaki mu lupango, na sisi tunajisifu. Lakini anabaki kwa kuwa anapendwa, ao kwa kuwa hana pa kwenda? Pansio ikikawia miezi na miezi, kubaki si kuchagua. Mara ngapi tumemuona ameketi chini ya muembe tangu asubuhi? Sahani inaletwa, salamu inapita, hakuna anayekaa. Tunamukumbuka siku ya mahari na siku ya matanga. Huyo naye anaishi ugenini, hata kama hakupanda ndege.

Wakubwa walisema: penye wazee hapaharibiki neno. Neno haliharibiki kwa sababu muzee anaulizwa, si kwa sababu anaonekana tu.

Sisi tunaona hivi: kwenda si kosa, na kubaki peke yake si wema. Muzee anastahili vitu mbili: uhuru wa kuchagua mahali pa kupumuzika, na watu wenye wangali wanahitaji neno lake. Yule wa Agadir amepata cha kwanza. Wetu, tumemunyima hata cha pili, chenye hakiombi pesa.

Basi leo mangaribi, mbele ya kumucheka Muzungu, tuende tukae karibu na muzee wetu. Tumuulize jambo moja lenye hatujui, na tumungojee amalize kujibu.