Deni la Viungo Vizima

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kila kiungo cha mwanadamu kina sadaka ya kutolewa kila siku jua lichomozapo. Na katika riwaya ya Bibi Aisha iliyomo katika Sahihi ya Muslim, viungo hivyo vimehesabiwa kuwa 360. Kisha Mtume akabainisha namna ya kulilipa deni hilo. Akataja kusuluhisha kwa uadilifu baina ya wawili, na neno jema, na kuondoa njiani kitu chenye kuudhi. Na akataja jambo moja ambalo wengi wetu hulisoma na kulipita: kumsaidia mtu kwa mnyama wake wa kupanda, ukampandisha, au ukamwinulia mizigo yake. Hapo ndipo tutakapo kusimama leo.

Mnyama wa zama zetu ni gari. Ngamia alipewa majani na maji, na gari lapewa petroli. Basi mwenye kumwinulia mwenziwe shehena jangwani, na mwenye kumfungulia mwenziwe kifuniko cha tangi kituoni, kazi yao ni moja na thawabu yao, inshallah, ni moja. Na hapana anayestahiki zaidi sadaka ya viungo kuliko yule ambaye viungo vyake mwenyewe vyamuuma.

Tumeletewa barua na msomaji wetu mmoja, mtu mzima, apandaye bara kununua ndizi. Safari zake humfikisha Ekerenyo, katika Kaunti ya Nyamira, zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa. Ni nchi ya vilima, chai na migomba, yenye mvua nyingi na asubuhi za baridi. Mzee wetu huyu ana baridi yabisi ya mikono yote miwili. Asema kuwa alfajiri vidole vyake havikunjiki. Kuzungusha ufunguo ni taabu, na kifuniko cha tangi ndiyo taabu kubwa zaidi, kwani chataka kubanwa kwa vidole na kuzungushwa kwa kifundo cha mkono kwa wakati mmoja.

Siku moja huko Ekerenyo kijana wa pampu aliitazama mikono ile akasema, “Kaa tu mzee, nitafungua mimi.” Akafungua, akamwonyesha hesabu ya pampu ikianza na sifuri, akatia, akafunga, akamletea dirishani nambari ya kulipia kwa simu, akamsubiri bila ya kumharakisha. Kijana huyo si wa dini yetu. Wengi wa Abagusii ni Wakristo. Mzee aliporudi mjini kwake, penye misikiti kila mtaa, alikuta kituo kimejaa na mhudumu ameshughulika, akashuka kukifungua kifuniko mwenyewe. Alipokuwa akihangaika nacho, wa nyuma yake walimpigia honi. Akageuka, akawaona miongoni mwao watu aliosimama nao safu moja katika sala ya alfajiri.

Barua hii haina haja ya kupambwa. Yatosha kuirejea Sura ya Al-Maun, ya 107 katika Msahafu. Sura hiyo yahusu watu wanaosali, nao wakaahidiwa ole, kwa kuwa wameghafilika na sala zao, na wajionyesha, na wazuia “maun”. Ni nini hiyo maun? Ibn Masud ameifasiri kwa vitu vidogo ambavyo majirani huazimana: shoka, chungu na ndoo. Hakutaja dhahabu wala fedha. Ni msaada ule usiomgharimu mtoaji kitu, na ambao mhitaji akiukosa hudhikika. Kumfungulia mtu kifuniko cha tangi hakuchukui hata dakika moja. Basi mwenye kusali kisha akapiga honi, na ajiulize amesimama upande gani wa sura hiyo.

Nchini petu neema moja haionwi kwa kuwa tumeizoea: katika vituo vyetu mhudumu ndiye atiaye petroli. Ndugu zetu waishio Uingereza na sehemu nyingi za Marekani hujitilia wenyewe, na mgonjwa hulazimika kukibana kishikio cha bomba kwa mkono unaouma. Watu wa huko wameuona udhia huo wakauwekea sheria. Marekani, sheria ya walemavu ya mwaka 1990 yakitaka kituo kimtilie mlemavu aombapo, kwa bei ile ile ya wanaojitilia, isipokuwa mfanyakazi akiwa zamu peke yake. Jimbo la New Jersey limekataza watu kujitilia petroli tangu mwaka 1949. Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 yawataka wenye biashara warekebishe huduma zao zimfae mlemavu. Sisi tulifunzwa jambo hili kabla ya karne 14, na mhudumu yupo mbele yetu. Udhuru wetu ni upi?

Sasa twasema na mgonjwa mwenyewe. Wako waonao aya kuomba msaada, wakavilazimisha vidole mpaka vikavimba. Ndugu yetu, Mtume mwenyewe akiwa safarini alimiminiwa maji ya kutawadha na Mughira bin Shuuba, wala halikupungua daraja lake. Shusha kioo, sema maradhi yako kwa ulimi mwepesi, na umpe mwenzio fursa ya kulipa deni lake.

Wako pia wasemao kuwa maradhi haya ni uzee tu, hayana dawa, na wengine huyasingizia majini. Usama bin Sharik amepokea kuwa tumeamrishwa kujitibu, na kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa isipokuwa ukongwe. Na maradhi ya viungo si ukongwe. Jina lenyewe, baridi yabisi, ni la Kiarabu, maana yake baridi na kavu, nalo ni mabaki ya matabibu wa kale waliogawanya tabia za mwili kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Asubuhi ya baridi yaweza kuzidisha maumivu, lakini siyo iliyoleta maradhi. Iko aina ya kuchakaa, ambayo gegedu lililo baina ya mifupa hulika kwa miaka. Na iko aina ambayo kinga ya mwili huvigeukia viungo vyenyewe na kuvishambulia. Hii huwapata hata vijana, na wanawake zaidi kuliko wanaume; mikono yote miwili huvimba, na ugumu wa asubuhi hukaa zaidi ya nusu saa. Ikipuuzwa hupinda vidole visirudi. Ikiwahiwa na tabibu, ziko dawa za kuizuia. Ama hirizi, tumekwisha kusema mara nyingi. Na bangili za shaba zilijaribiwa huko Uingereza kwa wagonjwa 70, matokeo yakatolewa mwaka 2013, zisionekane kupunguza maumivu wala uvimbe. Fedha ya bangili na iwe nauli ya kwenda hospitali.

Na katika kujisaidia, yako mambo mepesi. Usingoje tangi likauke; litie lingali nusu, ili uchague wewe kituo na saa, nawe uende mchana vidole vikiwa vimelegea. Weka garini kipande cha mpira cha kushikia kifuniko, au mwambie seremala akuchongee kipande cha mti chenye pengo, kiingie juu ya kifuniko ukizungushe kwa kiganja. Ufunguo ufungie kishikio kinene. Usinunue petroli ya chupa kando ya njia kwa kukwepa foleni. Haijulikani kipimo chake wala kilichochanganywa ndani yake, na moto hauna huruma. Ulipapo kwa simu, msomewe nambari ya kituo, lakini nambari yako ya siri usimpe mtu, hata ikikuchukua muda kuibonyeza.

Na nyinyi vijana wa pampu, mgonjwa asiyeweza kushuka haioni hesabu ya pampu. Hiyo ni amana mikononi mwenu. Sura ya Al-Mutaffifin imefunguliwa kwa ole kwa wapunjao vipimo. Na kumpunja mwenye afya ni dhuluma, basi itakuwaje kumpunja aliyeshindwa hata kufungua mlango? Mwonyesheni sifuri kabla ya kuanza, na mtajieni lita na bei mkimaliza. Bei ya juu kabisa hutangazwa na serikali kila tarehe 14 ya mwezi, haimfichiki mtu. Lakini kipimo kamili akijua Mungu na wewe.

Ndugu zetu, kesho asubuhi jua litachomoza, na viungo vyetu 360 vitaamka na deni lao. Asiyejua pa kuanzia kulilipa, na atazame mikono ya jirani yake.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape subira wenye maumivu, na uijaalie mikono yetu mizima iwe ni msaada kwa waja wako. Amin.