Matembezi ya Pwani Siku ya Idi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutiishia bahari tupate humo riziki na pambo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, kila Ramadhani inapokaribia kwisha, nyumba nyingi za Mombasa huwa na mazungumzo ya matembezi. Watoto huuliza: "Idi hii twenda Pirates au twenda Lighthouse?" Pirates ni ule ufuo wa watu wote wa Bamburi, wenye ngamia na mashua na mipira ya kuelelea. Lighthouse ni ile njia ya mwambao iliyo kwenye mlango wa Kilindini, ambayo serikali iliitengeneza upya na kuisakafia mwaka 2019, na Oktoba 20 ya mwaka huo sikukuu ya Mashujaa ikafanywa hapo. Huko kuna upepo na mibuyu, mihogo ya pilipili na ndimu, kachiri na madafu, na meli zapita karibu hata mtoto huzipungia mkono.

Juu ya jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Wako wasemao kwamba kwenda pwani siku ya Idi ni upotevu mtupu, na wako wasemao kwamba siku hiyo haina hesabu, kila mtu na afanye apendavyo. Makundi yote mawili yamekosea njia. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mahabushia walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha huku akiwatazama mpaka alipotosheka mwenyewe. Na imepokewa kwamba alishindana naye mbio, mara hii akashindwa, na mara nyingine akashinda. Basi ni nani awezaye kusema kwamba dini yetu haijui furaha? Lakini furaha ile haikupoteza Sala, wala haikuhatarisha roho ya mtu.

Tulitakalo kuwakumbusha ndugu zetu ni jambo moja. Matembezi yataka mpango, na mpango ni katika dini. Yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, aliamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Na Qurani yatufunza kwamba jua na mwezi vyaenda kwa hesabu, na kwamba miezi miandamo ni vipimo vya nyakati za watu. Basi mwenye kwenda pwani ana saa mbili za kuangalia: saa ya jua, ambayo ni ya Sala, na saa ya mwezi, ambayo ni ya maji.

Natuanze na saa ya mwezi, maana hii tumeisahau, na hali wazee wetu waliijua kama walivyojua majina ya watoto wao. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila mchana na usiku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hupwa sana na hujaa sana. Baina ya hayo huwa ni maji mafu. Sasa fikirini, ndugu zangu: Idi ya Mfungo Mosi ni siku ya mwezi kuandama. Kwa hiyo Idi hiyo haiji ila pamoja na bamvua! Idi ya Mfungo Tatu ni mwezi kumi, na maji yake huwa mafu au karibu na hayo. Bahari ni ile ile, lakini hatari ya siku mbili hizi si moja.

Katika mwambao wetu wa Mombasa, bamvua hupwa mnamo saa 4 au saa 5 za asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 au saa 11 za jioni. Baina ya kupwa na kujaa maji hupanda zaidi ya mita 3, na kupanda huko si kwa sawasawa. Saa mbili za katikati ndizo zenye nguvu, na nusu ya maji yote huingia katika saa hizo. Yaani mita 1 na nusu, ambayo ni kimo cha mtoto wa miaka 12, huongezeka baina ya saa 7 na saa 9 za mchana au karibu na hapo.

Na sisi twaenda lini? Twasali Idi, twazuru jamaa, twala pilau, kisha saa 7 twapakia watoto garini! Twawafikisha ufuoni katika saa ile ile ambayo maji yaja kwa haraka. Mtoto ameona fungu la mchanga mbali kidogo, amelifikia kwa miguu, na mzazi yu kivulini na simu mkononi. Maji hayaanzi kulifunika fungu. Huanza kwa kujaza bonde lililo baina ya fungu na nchi kavu, na mtoto akigeuka hana njia ya kurudia. Kisha twalia na kusema: ni kadari. Naam, ni kadari, lakini Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu, na Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga.

Basi nini la kufanya? Igeuzeni ratiba. Mkisha sali Idi, wapelekeni watoto ufuoni asubuhi, maji yakiwa yamepwa. Kabla ya hapo iangalieni jadwali ya maji, au mumwulize mvuvi, kwa sababu saa hubadilika kidogo kila mwaka. Mteueni mtu mzima mmoja asiye na kazi ila kuwatazama watoto, na baada ya muda ampokee mwingine. Maji yakigeuka, watoto wote watoke mafunguni. Adhuhuri iwakute nyumbani, mle na jamaa na mzuru wagonjwa na wakongwe. Kisha mkisha sali Alasiri, nendeni Lighthouse, mahali pa kutembea na kupunga upepo si pa kuogelea, na hapo bahari iliyojaa ni ya kutazamwa tu.

Ama saa ya jua, udhuru wetu ni mdogo zaidi. Ardhi yote imefanywa msikiti kwa umati huu, na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya maji ya bahari alijibu kwamba ni tohara. Mwenye kusimama ufuoni ana birika mbele yake na mswala chini ya miguu yake! Vipi basi Alasiri itupite? Na Magharibi mara nyingi hupotea katika msongamano wa magari penye daraja la Nyali au katika kungojea feri ya Likoni. Ondokeni mapema, au msali kwanza ndipo mwondoke.

Lililobaki ni haki ya njia. Masahaba walipokatazwa kukaa njiani, walisema hawana budi na vikao vyao, wakaambiwa basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitika salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Vijana wetu wanaokaa juu ya ukuta wa Lighthouse na wazipime haki hizi kwa wasichana wapitao mbele yao. Na sisi wazee tujiulize juu ya vifuu vya madafu na chupa tuziachazo nyuma. Tangu Agosti 28, 2017 sheria ya Kenya imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, lakini kuondoa uchafu njiani sisi tuliamrishwa kabla ya sheria hiyo kwa zaidi ya miaka 1,300.

Ewe mzazi, usiku wa kuandama mwezi utakapoutazama juu ya mapaa ya nyumba na kufurahi, kumbuka kwamba mwezi huo huo umekwisha yavuta maji. Panga safari yako usiku huo.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, atuhifadhie watoto wetu, na aturudishe sote majumbani kwa salama. Amin.